Mwongozo Kamili wa Kutafuta Punguzo Unaponunua Gari Jipya la Petroli au Dizeli Nchini Kenya

Wakenya wengi hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani, kwa hiyo desturi ya kujadiliana bei ya gari jipya, la kilomita sifuri, haijazoeleka miongoni mwetu. Mtu anayejua kuvutana na mwenye yadi ya Ngong Road mpaka ashushe shilingi laki moja, akiingia kwenye shorumu ya wakala rasmi hukuta sakafu inayong'aa na bei iliyochapishwa kwenye karatasi nzito yenye nembo, akaamini kwamba bei hiyo haiguswi. Inaguswa, ila haiguswi kwa njia ile ya yadini. Kwenye yadi unazungumza na mwenye mali, ilhali kwenye shorumu unazungumza na mwajiriwa ambaye ana mipaka ya kile anachoruhusiwa kupunguza, na nyuma yake wapo meneja wa mauzo, msambazaji wa chapa hiyo, benki na kampuni ya bima, kila mmoja na mfuko wake. Anayepata punguzo la maana ni yule anayejua kila mfuko unatoa nini, kisha akabadilisha ahadi zote ziwe tarakimu moja iliyoandikwa.

Mwongozo huu unamhusu mnunuzi wa kawaida: mkulima anayetaka pikapu, familia inayotaka gari la abiria, mwenye biashara ndogo, au kikundi kinachonunua magari ya uchukuzi.

Fahamu kwanza nafasi ya kupunguza iko wapi

Gari la abiria linaloletwa nchini likiwa limekamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2, kwa viwango vilivyokuwa vikitumika mwaka 2025. Ushuru wa bidhaa hutegemea injini: asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 1500, asilimia 25 kwa injini inayozidi hapo, na asilimia 35 kwa injini kubwa, yaani petroli inayozidi sisi 3000 au dizeli inayozidi sisi 2500. Kodi hizi kubwa hupandana, moja ikihesabiwa juu ya nyingine. Chukua gari la petroli la sisi 2000 ambalo thamani yake forodhani ni shilingi 100: ushuru wa forodha unaifikisha 135, ushuru wa bidhaa unaifikisha karibu 169, VAT inaifikisha karibu 196, na zile ada mbili zinakamilisha takribani 200. Hapo wakala hajaongeza faida yake hata shilingi moja.

Maana yake ni kwamba karibu nusu ya bei unayoisoma si mali ya muuzaji, na hawezi kukupunguzia kitu ambacho alikwisha kukilipa serikalini. Mtu anayedai robo ya bei iondolewe anaonekana mara moja kwamba hajui soko, na mazungumzo yanapoa. Kwa upande mwingine, magari yanayounganishwa hapa nchini, kama vile pikapu za Isuzu D-Max zinazotoka kiwanda cha Nairobi na Toyota Hilux zinazounganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, hayatozwi ushuru wa forodha wa gari kamili wala ushuru wa bidhaa. Hapo sehemu kubwa zaidi ya bei iko mikononi mwa kiwanda, msambazaji na wakala. Kwa sababu hiyo, ukiwa na uhuru wa kuchagua kati ya gari lililoagizwa zima na gari lililounganishwa hapa, anza na hili la pili.

Andaa fedha kabla ya kwenda kuona gari

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayowagharimu. Ukienda shorumu bila kujua benki yako iko tayari kukukopesha kiasi gani na kwa riba gani, utaikubali benki ambayo wakala ameandaliana nayo, na hutakuwa na cha kulinganisha. Nenda kwanza benki yako au kwenye SACCO yako, uombe barua ya kuidhinishwa mkopo wa gari inayotaja kiasi, riba ya mwaka, muda, malipo ya awali na ada zote. Barua hiyo inakubadilisha machoni pa muuzaji: unakuwa mnunuzi ambaye anaweza kulipa wiki hii.

Uliza jambo moja kwa msisitizo mkubwa: riba hiyo inahesabiwa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho? Mkopo wa shilingi 4,000,000 kwa miaka minne, kwa riba inayotangazwa kuwa asilimia 10 isiyopungua, unazaa riba ya 1,600,000, na marejesho ya kila mwezi yanakuwa kama 116,667. Ukitafuta riba inayolingana nayo kwa hesabu ya salio linalopungua, utaikuta ni karibu asilimia 17.6. Mtu anayeona asilimia 10 upande mmoja na asilimia 16 upande wa pili hukimbilia ile 10, na hapo ameshapoteza fedha zinazoweza kumeza sehemu kubwa ya punguzo atakalopewa kwenye bei ya gari.

Omba ankara ya awali kutoka sehemu zaidi ya moja

Chapa nyingine huuzwa na mawakala kadhaa walio kampuni tofauti. Isuzu East Africa, kwa mfano, huuza kupitia mawakala kama Ryce East Africa, Thika Motor Dealers, Associated Motors na Central Farmers Garage. Kampuni hizi huuza gari lile lile lenye dhamana ile ile ya kiwanda, na kila moja ina faida yake inayoweza kuigawa. Mkazi wa Nakuru hakatazwi kununua Thika, na gharama ya kulifuata gari huwa ndogo ikilinganishwa na tofauti inayoweza kupatikana. Kwa chapa ambazo msambazaji mwenyewe ndiye mwenye karibu matawi yote, ushindani ndani ya chapa ni mdogo, na hapo mshindani wako wa kweli ni gari la chapa nyingine: anayeuza Hilux anajua kwamba anayesitasita atakwenda kutazama D-Max, na kinyume chake.

Katika kila ankara, yaani ile profoma, hakikisha yafuatayo yameandikwa: aina kamili ya gari na toleo lake, mwaka wa kutengenezwa, bei kabla ya VAT, VAT yenyewe, bei baada ya VAT, punguzo likiwa kwenye mstari wake, gharama ya usajili na namba, vifaa vyote vilivyoahidiwa, muda wa kupokea gari na tarehe ya mwisho ya ankara kutumika. Zingatia mstari wa VAT. Gari la shilingi 5,000,000 pamoja na VAT ni kama 4,310,000 kabla ya VAT. Ankara mbili, moja ikionyesha bei bila VAT kwa herufi nene na nyingine ikionyesha bei kamili, zinaweza kukufanya uamini kuna tofauti ya karibu laki saba ambayo haipo. Aidha, punguzo linalotolewa kabla ya VAT linapunguza na VAT yenyewe, kwa hiyo uliza kila mara: laki mbili hizi zimetolewa juu au chini ya mstari wa VAT?

Jua wakati ambapo muuzaji anahitaji kuuza

Afisa wa mauzo hulipwa kamisheni na hupewa lengo la mwezi na la robo mwaka. Siku tano za mwisho za mwezi, hasa mwezi unaofunga robo, ombi ambalo lilikataliwa tarehe 8 huweza kukubaliwa tarehe 28. Hili halina siri, ila linahitaji subira, nayo ni ngumu kwa mtu ambaye gari lake la zamani limekwisha kumfia njiani. Ndiyo maana nasisitiza kuanza kutafuta miezi miwili au mitatu kabla ya shida kufika.

Mwanzo wa mwaka una fursa ya pekee. Mwezi wa Januari unapoingia, gari lililobaki shorumu linakuwa la mwaka uliopita, na katika soko letu mwaka wa kutengenezwa ndilo jambo la kwanza ambalo mnunuzi wa baadaye ataliuliza. Wakala analijua hilo na yuko tayari kupunguza. Lakini punguzo hilo si zawadi tupu, kwa sababu siku utakapoliuza, nawe utapunguziwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukikusudia kukaa na gari miaka minane au kumi, lichukue kwa furaha, maana tofauti ya mwaka mmoja itakuwa imefifia. Ukiwa na desturi ya kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, dai punguzo kubwa zaidi au uliache.

Miezi ya Mei na Juni huhitaji akili tofauti. Bajeti husomwa Juni na mabadiliko mengi ya kodi huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo wauzaji huwahimiza watu wanunue haraka kabla bei haijapanda. Wakati mwingine onyo hilo ni la kweli. Soma mapendekezo ya Mswada wa Fedha mwenyewe, uone kama yanagusa aina ya gari lako, kabla ya kukubali kuharakishwa.

Jambo la mwisho kuhusu wakati ni dola. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha shilingi ikaimarika mpaka karibu 130 kufikia Aprili ya mwaka huo huo. Gari lililolipiwa wakati dola iko juu haliwezi kupunguzwa sana bila hasara, ilhali shehena iliyofuata inaweza. Kwa hiyo ni halali kabisa kumwuliza muuzaji gari hili liliingia lini, na kama kuna jingine njiani lenye bei tofauti.

Zipime zawadi kwa shilingi

Wakala hupenda kutoa vitu kuliko kushusha bei, kwa sababu vitu humgharimu yeye kidogo kuliko vinavyoonekana kukufaa wewe, na kwa sababu bei ya orodha inabaki salama kwa mteja anayefuata. Bima ya mwaka wa kwanza, sevisi za bure, kifaa cha kufuatilia gari, turubai la pikapu, mazulia, vioo vya kiza, dhamana iliyorefushwa: vyote ni vizuri, lakini kila kimoja kinapaswa kuandikiwa thamani ambayo ungelilipa mwenyewe kwingine.

Bima kamili ya gari la shilingi 5,000,000, ikikadiriwa kwa asilimia 4, ni shilingi 200,000, na hiyo ni zawadi ya maana. Mazulia na vioo vya kiza huweza kupatikana mjini kwa gharama ndogo, basi yasikufanye uache punguzo la bei. Kwa sevisi za bure, uliza maneno matatu: ngapi, mpaka kilomita ngapi, na zinahusu nini. Niliwahi kumsindikiza shemeji yangu kununua pikapu ya kubebea maziwa, nasi tukaacha punguzo la shilingi 80,000 kwa sababu tuliahidiwa kwa mdomo sevisi za bure za miaka miwili. Siku ya sevisi ya kwanza tukaambiwa kwamba kilicho bure ni kazi ya fundi, ama mafuta ya injini na filta ni juu yetu. Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha, na meneja tuliyezungumza naye alikuwa amehamia tawi jingine. Tangu hapo sikubali ahadi yoyote isiyokuwa kwenye ankara, hata ikiwa imetolewa na mtu mwaminifu, kwa sababu watu huhama na karatasi hubaki.

Pima punguzo la bei dhidi ya riba nafuu

Hapa ndipo penye fedha nyingi zaidi, na ndipo watu wanapokisia. Wakala akishirikiana na benki huja na chaguo mbili: upate punguzo la bei ulipe kwa mkopo wako wa kawaida, au ulipe bei kamili na upewe riba ya chini. Tuseme gari ni shilingi 5,000,000, una malipo ya awali ya 1,000,000, na muda ni miezi 48, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua.

Chaguo la kwanza lina punguzo la 300,000 na riba ya benki yako ya asilimia 17. Unakopa 3,700,000, na unarejesha karibu 106,760 kila mwezi. Chaguo la pili halina punguzo, lakini riba ni asilimia 14. Unakopa 4,000,000, na unarejesha karibu 109,310 kila mwezi. Tofauti ni kama shilingi 2,540 kwa mwezi, na kwa miezi 48 inafika kama 122,000. Punguzo limeshinda, ingawa riba ya asilimia 14 ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango.

Sasa punguza lile punguzo liwe 150,000 tu. Unakopa 3,850,000 kwa asilimia 17, na marejesho yanakuwa karibu 111,090, yaani riba nafuu imeshinda. Mizani husawazika punguzo likiwa karibu 212,000. Hesabu hizi hufanywa kwa dakika moja kwenye kikokotoo chochote cha mikopo cha simu, ukitumia tarakimu zako mwenyewe. Ongeza pia ada ya kuandaa mkopo, gharama ya kuandikisha hati ya umiliki kwa majina ya benki na yako pamoja, na sharti lolote la kununua bima kwa kampuni iliyochaguliwa na benki, kwa sababu riba ya chini huweza kufidiwa kimyakimya na bima ya juu. Kama unaona utalipa mkopo kabla ya muda wake, uliza adhabu ya kumaliza mapema: anayemaliza mapema hufaidi riba nafuu kwa muda mfupi tu, bali punguzo la bei amekwisha kulitia mfukoni siku ya kwanza.

Jihadhari na mkopo unaoacha donge kubwa kulipwa mwezi wa mwisho. Marejesho yake huonekana madogo, nayo hutumiwa kukushawishi uchukue gari la daraja la juu zaidi. Ulinganishe kwa jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni.

Tenga gari la zamani na mazungumzo ya gari jipya

Kama unatoa gari lako la zamani kama sehemu ya malipo, nenda kwanza ukalitathmini kwingine, kwa mfano AA Kenya, chama cha wenye magari, na uulize yadi mbili zingelinunua kwa bei gani. Kisha maliza kabisa bei ya gari jipya kabla ya kulitaja hilo la zamani. Yakichanganywa, wakala anaweza kukupa punguzo zuri upande mmoja na kulirudisha upande wa pili, nawe usijue umepata au umepoteza.

Tumia nguvu ya kikundi na ya biashara

Wasambazaji huwa na bei tofauti kwa wanaonunua magari mengi, na hawajali sana kama mengi hayo ni ya kampuni moja au ya wanachama wa SACCO moja ya matatu. Wanachama watano wanaohitaji gari la aina moja katika robo moja ya mwaka waandike barua moja, yenye muhuri wa chama, waombe bei ya kikundi, kisha kila mmoja anunue kwa jina lake. Mwajiri mkubwa au chama cha kitaaluma huweza kuwa na makubaliano yaliyokwisha kuwekwa, kwa hiyo waulize watu wa rasilimali watu kabla ya kuanza kutafuta.

Mwenye biashara aongeze hesabu ya kodi. VAT ya gari la abiria kwa kawaida hairejeshwi kwa mnunuzi, hata likitumiwa na biashara, tofauti na lori la kazi la biashara iliyosajiliwa kwa VAT. Gharama ya gari la abiria lisilo la kibiashara inayokubaliwa kwa posho ya uchakavu, yaani kile kinachopunguzwa kwenye mapato kwa sababu gari linachakaa, haizidi shilingi 3,000,000. Dai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye namba yako ya PIN ya KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi katika hesabu za kodi. Punguzo la 100,000 linaloambatana na ankara yenye kasoro si punguzo kwa mwenye biashara.

Toa ombi moja lililo wazi

Ukishakuwa na ankara mbili au tatu, chagua gari unalolitaka kweli na uzungumze na meneja wa mauzo, kwa heshima na bila vitisho: "Nina mkopo ulioidhinishwa, na nina ankara hii ya mwenzako. Ukinipa bei hii pamoja na bima ya mwaka wa kwanza, nitaleta malipo ya awali Ijumaa." Ombi lenye tarakimu na siku humpa meneja kitu cha kwenda kumwombea msambazaji idhini. Swali la "bei ya mwisho ni ngapi" humpa nafasi ya kusema chochote. Akikataa bei, omba kitu kingine kutoka mfuko mwingine, kwa mfano sevisi zenye vipuri au dhamana ndefu zaidi, kwa kuwa huenda bei imefungwa na kiwanda ilhali karakana ni yake mwenyewe.

Akikuonyesha gari la majaribio, lile ambalo wateja wamekuwa wakiliendesha, punguzo linapaswa kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu dhamana yake huenda ilikwisha kuanza kuhesabiwa. Tazama tarehe ya usajili, kilomita na muda wa dhamana uliobaki.

Kagua kabla ya kukabidhiwa ufunguo

Usilipe salio mpaka namba ya chasisi na ya injini zilizo kwenye gari zilingane na zilizo kwenye ankara, na mwaka wa kutengenezwa uwe ule ulioandikiwa. Fungua kitabu cha dhamana uone tarehe ya kuanza na mhuri wa wakala. Pitia orodha ya vifaa kimoja baada ya kingine mkiwa na afisa wa mauzo, na kilichokosekana kiandikwe kwenye hati ya kukabidhiana gari pamoja na tarehe ya kuletwa, kisha atie saini. Hakikisha usajili umeingia kwenye akaunti yako ya NTSA kwa jina sahihi, au kwa majina ya benki na yako ikiwa ni mkopo. Piga picha ya hati hizo zote ukingali shorumu, uzitume kwenye barua pepe yako, na nakala moja ya ankara iliyotiwa saini uiweke ndani ya gari, ndani ya kitabu cha sevisi, ili siku ya sevisi ya kwanza fundi aisome kabla hajaanza kuandika bili.